Samaki wa Dhahabu Nyumbani: Kwa Nini Hufa Majuma ya Kwanza?



Mwaka mmoja, wakati wa mvua, baba wa mwanafunzi wetu alirudi Kolwezi kutoka Lubumbashi. Ni safari ya kilometa 300 hivi, na mtu atokaye huko hakosi kuwaletea watoto zawadi. Baba huyu hakuleta nguo wala biskuti. Alileta mfuko wa plastiki uliojaa maji na hewa, na ndani yake samaki wawili wadogo wenye rangi ya chungwa lililoiva, mapezi yao laini kama hariri. Mtoto akawaleta shuleni ili darasa zima liwaone. Tukatafuta chupa pana ya kioo, ile ambayo hapa mjini twaiita bokali, tukaiosha, tukaijaza maji ya bomba, tukawatia samaki, tukaiweka dirishani. Siku hiyo hesabu hazikufundishika sana.

Siku ya pili kijana mmoja, ambaye baba yake ni mchimbaji, alileta jiwe la malakiti, la kijani kibichi lenye mistari ya kupendeza, akalitia chini ya bokali ili samaki wapate mlima wao. Wengine walileta makombo ya mkate. Siku ya nne samaki mmoja alikaa juu ya maji akifumbua na kufumba kinywa, jioni akafa. Wa pili alikufa siku ya tisa. Mtoto aliyewaleta hakulia mbele ya wenzake, lakini masomo yalipokwisha alibaki nyuma akatuuliza: “Mwalimu, tumewakosea nini? Tuliwapa chakula kila siku.”

Tulimjibu neno fulani juu ya uchovu wa safari, na hata tulipokuwa tukilisema tulijua ya kuwa si jibu. Swali lile halikutuacha. Tulianza kusoma vitabu na kuwauliza watu wenye kufuga, kisha tukajaribu tena, tukakosea tena, tukajaribu mara ya tatu. Haya tunayowaandikieni leo ndiyo jibu tuliyopaswa kumpa mtoto yule.

Kwanza yafaa kumjua samaki mwenyewe. Samaki wa dhahabu asili yake ni China. Huko, yapata miaka elfu moja iliyopita, watu waliwaona samaki wachache wenye rangi nyekundu na njano katikati ya wenzao wa kijivu, wakawatenga katika mabwawa na kuwazalisha. Alifika Japani, na katika karne ya 17 akafika Ulaya. Ni jamaa wa mbali wa wale samaki wadogo wenye masharubu ambao vijana wetu huwavua mitoni kwa ndoano. Hapendi maji ya moto. Baridi ya Kolwezi ya mwezi wa Juni na Julai, ambayo hutufanya sisi tujifunike mablanketi mawili, yeye haimdhuru.

Tena si mnyama wa kuishi juma moja. Akitunzwa vema huishi miaka kumi, kumi na mitano, na hata zaidi. Huko Uingereza samaki mmoja aliyeitwa Tish alishindwa kama zawadi katika mchezo wa sikukuu mwaka 1956, akafa mwaka 1999, yaani akiwa na miaka 43. Twawaza jambo hili mara kwa mara. Samaki aliyestahili kuwaona watoto wetu wakimaliza masomo, wakioa na kuolewa, sisi tulimpa siku nne.

SUMU ISIYOONEKANA

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba maji maangavu ni maji mazuri. Bokali yetu ilikuwa safi kiasi cha kusoma gazeti kupitia kwayo, na kumbe ilikuwa imejaa sumu.

Samaki hana choo cha kwenda. Hula, hupumua na hujisaidia katika maji yale yale. Uchafu wake mkubwa hautoki kama mavi tunayoyaona chini. Hutoka bila kuonekana katika matamvua, yaani yale mashavu mekundu anayopumulia. Uchafu huo ni amonia. Makombo ya mkate yanayooza hutoa amonia nayo. Amonia huchoma matamvua kama moshi wa kuni mbichi unavyochoma macho ya mpishi, na samaki ambaye matamvua yake yameungua hukosa pumzi hata kama hewa ipo. Ndiyo maana yule wa kwanza alikaa juu akihema. Watoto walidhani anaomba chakula, wakamwongezea mkate.

Katika mto au bwawa, mbona samaki hawafi hivyo? Kwa sababu kule kuna wafanyakazi. Juu ya kila jiwe, kila jani na kila chembe ya tope huishi vijidudu viitwavyo bakteria, navyo hula uchafu huo. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwani huiharibu damu hata isiweze kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni pole zaidi, na ndiyo mbolea ile ile ipendwayo na mboga. Wataalamu waliochimba mabwawa ya tilapia pale Kipopo, karibu na Lubumbashi, katika miaka ya 1940, walikuwa na tope na majani tele, na wafanyakazi hao walijikusanya wenyewe bila kuitwa. Chombo kipya cha kioo hakina tope, hakina jani, hakina mfanyakazi hata mmoja. Ni kama kambi ya migodi iliyofunguliwa leo, watu elfu wamekwisha kuhamia, na choo hakijachimbwa.

Vijidudu hivyo huja vyenyewe, lakini polepole. Chombo kipya huhitaji majuma manne hadi sita kabla ya kuwa nyumba ya samaki. Siku za baridi huhitaji zaidi, kwa kuwa baridi ile ile impendezayo samaki huwachelewesha wafanyakazi wake. Kwa sababu hiyo twawashauri wenye haraka wasianze mwezi wa Juni. Anzeni Septemba au Oktoba, joto linaporudi.

Tena majuma hayo ya kungoja yapite bila samaki ndani. Jazeni chombo, washeni pampu, na kila siku tupieni chembe chache za chakula kana kwamba mna samaki. Chembe zikioza zitatoa amonia, na amonia itawalisha vijidudu. Watoto wataona ni mchezo wa ajabu kulisha maji matupu. Nasi tulichekwa na darasa zima. Lakini kama kuna jamaa au rafiki ambaye ana chombo cha zamani chenye samaki wazima, njia ni fupi zaidi: mwombeni kipande cha sifongo chafu kutoka katika kichujio chake, mkakilete kikiwa kimelowa, mkakitie katika chombo chenu. Mmepokea wafanyakazi waliokwisha kufundishwa kazi. Karatasi za kupimia amonia na nitriti hupatikana katika maduka ya wafugaji katika miji mikubwa. Mtu asafiriye asisahau kuzinunua, kwa maana zina faida kuliko mapambo yote yauzwayo kando yake.

SHABA NA SAMAKI

Sasa tuje kwenye lile jiwe. Jambo hili vitabu vya Ulaya hulitaja kwa maneno mawili tu na kupita, kwa sababu waandishi wake hawakai Kolwezi.

Sisi tumezaliwa juu ya shaba. Mkoa wetu mzima uliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997, na tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa mkoa wa Lualaba. Malakiti tunaiona kila siku: katika mikufu, katika visahani vya majivu, katika sanamu za tembo zinazouzwa kwa wageni. Wazee wetu waliichoma jiwe hilo hilo katika matanuru ya udongo, wakapata ile misalaba ya shaba iliyokuwa fedha yao. Kwetu sisi jiwe la kijani ni baraka. Kwa samaki ni mauti.

Malakiti ni shaba iliyoungana na kaboni na oksijeni. Humumunyika katika maji kidogo kidogo, na zaidi maji yakiwa na uchachu. Nayo maji ya chombo cha samaki, kadiri vijidudu vinavyofanya kazi yao, huelekea uchachu. Kwa hiyo jiwe ambalo juma la kwanza halikuonekana kudhuru, mwezi wa tatu laweza kuua. Shaba hushika matamvua na kuharibu ile kazi ya kuzuia chumvi ya mwili isitoroke. Samaki hupungukiwa nguvu, hufunga mapezi yake, hulala chini.

Je, ni shaba kiasi gani? Shirika la Afya Duniani lakubali miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtu anywaye maji hayo hadhuriki. Lakini samaki aweza kufa kwa kiasi kilicho chini sana ya hapo, hasa maji yakiwa laini, yasiyo na chokaa. Wanafunzi, shikeni neno hili: mtu hunywa maji na kuyapitisha tumboni, bali samaki amezungukwa nayo usiku na mchana, na yanapita katika matamvua yake bila kukoma. Kwa hiyo msiseme, “Maji haya twayanywa sisi, yatamfaa na samaki.” Zamani waganga wa kichocho walitia chumvi ya shaba katika maji ili kuwaua konokono wachukuao ugonjwa huo; nao walijua kwamba samaki wa mahali hapo watakuwa hatarini.

Ninyi mliotembea porini mmeona vile vilima vyenye shaba ambavyo miti haioti juu yake, ila majani na maua machache tu yaliyozoea. Msitu wa miombo huja hadi ukingoni, kisha husimama kana kwamba umekatazwa. Shaba ile ile inayozuia mizizi ya mti ndiyo inayozuia pumzi ya samaki. Na mwezi wa Februari 2025, upande wa pili wa mpaka, nchini Zambia, ukuta wa bwawa la taka za mgodi wa shaba ulibomoka karibu na Chambishi. Maji yenye asidi yakaingia mitoni hadi mto Kafue, na samaki waliokufa wakaonekana wakielea mbali sana na mahali pale. Watu wa kando ya mto, ambao chakula chao hutoka majini, hawakuhitaji kipimo cha maabara ili kuelewa. Bokali yetu ya darasani ilikuwa mfano mdogo wa jambo kubwa, nasi tuliokuwa tunafundisha hatukuuona.

Basi, katika chombo cha samaki msitie malakiti, wala jiwe lolote lenye doa la kijani au la buluu, wala lile jiwe jeusi zito la kobalti, wala kokoto zilizookotwa kwenye vifusi vya migodi. Msitie msalaba wa shaba, sarafu, wala kipande cha waya. Twajua kwamba wauzaji husema samaki apenda kokoto. Samaki wa dhahabu hahitaji kokoto. Chini patupu ni rahisi kusafisha, na uchafu waonekana mara moja.

Jihadharini na vyombo pia. Hapa kwetu mapipa ya plastiki yaliyokwisha kubeba dawa za viwandani huuzwa sokoni kwa bei nafuu. Hayafai kwa samaki hata yakioshwa mara kumi, na kwa maoni yetu hayafai kuwekea maji ya mtu pia. Maji ya mvua yaliyoteremka juu ya mabati huleta zinki, ambayo ni ndugu wa shaba katika uovu huu; na mvua za kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi lote la miezi mitano lililokaa juu ya paa. Acheni mvua za kwanza zipite.

BIDONI NNE NA MOJA

Wengi watauliza, “Chombo kiwe na ukubwa gani?” Sisi twahesabu kwa bidoni, kwa kuwa ndiyo ratili ya maji katika nyumba zetu. Kwa samaki wawili wa dhahabu, chombo kiwe na lita 100, yaani bidoni nne za lita 25. Watu hushtuka tukisema hivyo. Lakini yule samaki mwenye urefu wa kidole ni mtoto. Aliye mzima hufikia sentimeta 20 na kupita. Bokali ni jela yake. Ni heri kutofuga kuliko kufuga katika bokali, na neno hili twalisema tukijua kwamba wengi hawatalipenda.

Chombo kiwe kipana kuliko kuwa kirefu, kwa maana hewa huingia majini kwa juu. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huu ni nyepesi. Maji yetu hushika oksijeni sehemu 85 hivi tu pale ambapo maji ya Mombasa au Dar es Salaam yenye joto sawa yangeshika 100. Kwa hiyo yule anayefuga milimani apaswa kuwapa samaki nafasi zaidi ya vile kitabu kinavyosema.

Ndani ya chombo hakuna haja ya vitu vingi: pampu ndogo ya hewa, na kichujio cha sifongo ambacho hewa hupita ndani yake. Sifongo hiyo ndiyo nyumba ya vijidudu. Hapa ndipo tulipokosea mara ya pili. Samaki wetu wapya walikuwa wamekaa miezi miwili wakiwa wazima. Jumamosi moja wanafunzi, kwa moyo mwema, wakaamua kutupendeza: wakafungua kila kitu, wakasugua kioo kwa sabuni, wakakamua sifongo chini ya bomba hata ikawa kama mpya. Klorini ya bomba ikaua vijidudu vyote, na mabaki ya sabuni yakamaliza kazi. Jumatatu samaki mmoja alikuwa amekufa, na wa pili akahema juu ya maji. Hatukuweza kuwakemea. Ni sisi tuliowafundisha kwamba usafi ni maji yatiririkayo na sabuni.

Sifongo hukamuliwa mara moja kwa mwezi, ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa katika chombo chenyewe, basi. Ibaki na rangi yake ya udongo. Sabuni isikaribie kabisa, hata mikononi mwenu.

Kila juma badilisheni robo ya maji, yaani bidoni moja. Siyo yote! Mwenye kumwaga maji yote huwaanzishia samaki nyumba mpya kila juma. Maji mapya ya bomba yawekwe kwanza katika beseni pana kwa siku nzima, ili klorini itoke na joto lake lilingane na la chombo. Maji ya kisima hayana klorini, lakini nayo yakae na kupigwapigwa hewa, kwa kuwa maji yatokayo chini ya ardhi mara nyingi hayana oksijeni ya kutosha. Na kisima kilicho karibu na machimbo msikiamini. Maji ya zamani msiyamwage njiani. Yana nitrati, na lengalenga huyapenda. Bustani ndogo ya shule yetu, iliyokuwa na majani ya njano, imepata rangi nzuri tangu tulipoanza kuimwagilia maji ya samaki, na sasa wako wanafunzi wanaogombania zamu ya kubeba bidoni, jambo ambalo hatukulitazamia.

Juu ya chakula tutasema machache. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuwekea akiba kama letu. Chakula hupita moja kwa moja katika utumbo. Kwa hiyo mpeni kidogo sana, mara mbili kwa siku, kiasi awezacho kumaliza kwa dakika mbili. Atakuja tena kioo kikigongwa, atatazama kama aliyeshinda njaa, atachezesha mkia. Msimsadiki. Mbaazi au njegere zilizochemshwa na kumenywa zamfaa, na mabuu ya mbu huyala kwa furaha kubwa. Mkate ni bora kuuacha kwa watoto.

Mbu watukumbusha hatari nyingine. Dawa zile za kupuliza chumbani kwa ajili ya kuua mbu ni sumu kali kwa samaki, hata zikianguka matone machache tu. Na pampu ikiwa inavuta hewa ya chumba hicho, huipeleka dawa moja kwa moja majini. Chumba chenye samaki kisipulizwe. Familia ilale chini ya chandarua.

UMEME UKIKATIKA

Hili kila mtu wa Kolwezi alijua bila kufundishwa. Sehemu ya umeme wetu hutoka katika mabwawa ya mto Lualaba, kama lile la Nzilo lililomalizwa mwaka 1952, na migodi huutumia kwa wingi. Majumbani twaweza kukaa gizani usiku kucha. Pampu ikisimama, samaki huanza kukosa hewa, na vijidudu ndani ya sifongo huanza kufa. Mtoto mmoja achukue kikombe, achote maji ya chombo na kuyamwaga tena kutoka kimo cha mkono, kwa dakika chache kila saa. Siku hiyo msiwape chakula, maana samaki aliyekula huhitaji pumzi zaidi. Usiku mrefu hupita salama ikiwa chombo ni kikubwa na samaki ni wachache. Ndiyo sababu nyingine ya zile bidoni nne. Ziko pampu ndogo za betri, na wenye sahani ya jua wamepumzika na shida hii.

Mwajuaje kwamba samaki ameanza kuugua? Mtazameni kabla ya kumlisha. Samaki mzima hutembea na pezi la mgongo limesimama. Akilifunga, akijificha pembeni, akihema juu, au mkiona mishipa myekundu katika mkia, msikimbilie dawa. Badilisheni robo ya maji siku hiyo hiyo, na kesho tena, na kesho kutwa, na chakula kipungue. Mara tisa kati ya kumi, kwa kadiri tulivyoona, ugonjwa ni maji. Chumvi ya jikoni, kijiko cha chai kimoja kilichojaa sawasawa kwa kila lita tano, ikiyeyushwa kwanza katika kikombe, husaidia dhidi ya nitriti. Ila kumbukeni kwamba chumvi haipotei hewani, hivyo kila mtiapo maji mapya tieni chumvi ya maji hayo mapya tu. Na kabla ya kununua dawa yoyote ya chupa, someni kibandiko. Nyingi zina shaba ndani yake, na mkizidisha matone mtarudi kule kule kwa jiwe la malakiti.

Wengine hufika mahali pa kuchoka. Samaki amekua, chombo hakimtoshi, baba amehamishwa kazi. Basi mmoja huchukua ndoo na kwenda kumwachilia katika Lualaba au katika ziwa la Nzilo, akidhani amemfanyia wema. Asifanye hivyo kamwe. Huko Australia samaki wa dhahabu walioachiliwa wamejaa mitoni, wakichimbua tope na kuwanyang'anya chakula samaki wenyeji. Nasi tunajua habari ya sangara, aliyetiwa katika ziwa Viktoria miaka ya 1950, na samaki wadogo wa aina mamia waliotoweka baada yake. Lualaba ndiye chanzo cha mto Kongo, na una samaki wasiopatikana pengine popote. Mpeni samaki wenu jirani, au shule. Shule yetu imekwisha kupokea wawili kwa njia hiyo.

Yule mtoto wa swali sasa yuko sekondari. Alipita kututembelea wakati wa Pasaka, tukamwonyesha chombo kipya chenye lita 120, chini patupu, bila mlima wowote, na samaki watatu ambao mkubwa wao ametimiza mwaka wa tatu. Tukamweleza amonia, na vijidudu, na lile jiwe. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza ni nani huwalisha likizo ya mwezi wa Julai. Tukamwambia ya kuwa samaki mzima, katika maji mazuri na ya baridi, aweza kukaa juma moja bila chakula na asidhurike. Na kwa likizo ndefu, jirani huachiwa vipakiti vya karatasi, kimoja kwa kila siku mbili, na kopo lenyewe la chakula twalifungia kabatini.